Je, Wajua? Divai ya Vizazi 26

Mjini Firenze, Italia, kuna ukoo unaoitwa Antinori. Wanalima mizabibu, wanakamua zabibu na kuuza divai, na kazi hiyo wamerithishana mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, hadi sasa wamefika kizazi cha 26. Hata kama hujawahi kuonja divai wala huna nia ya kuionja, njoo tuzunguke nao. Katika historia yao mna tauni, funza, umeme na jogoo aliyenyimwa chakula, na kila kimoja kina kisa chake.

Walianza Vasco da Gama akiwa bado hajazaliwa

Mwaka 1385 Giovanni di Piero Antinori alijiandikisha katika chama cha wafanyabiashara wa divai wa Firenze. Huo ndio mwaka ambao familia inauhesabu kuwa mwanzo wake katika kazi hii. Ili uone umbali wake: Ibn Battuta alikuwa amepita Kilwa miaka 54 tu kabla, mwaka 1331. Vasco da Gama, aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, hakuwa hata mimba. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, na kufikia hapo akina Antinori walikuwa na uzoefu wa miaka 208.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba nchi inayoitwa Italia ilizaliwa mwaka 1861. Familia hii ilikuwa kazini kwa miaka 476 kabla ya kuwa na taifa la Italia la kulilipa kodi.

Waliuza divai kabla Italia haijaiona nyanya

Nyanya asili yake ni Amerika. Huko Toscana, mkoa ambao Firenze ni mji wake mkuu, inatajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1548, pale kikapu cha nyanya kilipofikishwa kwa mtawala Cosimo wa Kwanza wa ukoo wa Medici. Yaani kwa miaka 163 akina Antinori walikula, wakaoa, wakazeeka na kuzikwa bila kujua mchuzi wa nyanya. Ukisikia mtu anasema tambi za nyanya na divai ni mila ya Italia tangu enzi na enzi, mwambie divai ina haki ya kusema hivyo, nyanya bado mgeni.

Anwani yao haijabadilika tangu 1506

Jumba la Antinori lililopo katikati ya Firenze lilijengwa na familia nyingine miaka ya 1460. Niccolò Antinori alilinunua mwaka 1506, na mpaka leo ndiyo makao makuu ya kampuni. Hata uwanja ulio mbele ya mlango unaitwa kwa jina la ukoo huo. Mwaka 1957 walifungua mgahawa hapo hapo chini, kwa hiyo mpita njia anaweza kuagiza chakula ndani ya nyumba ambayo familia imeimiliki kwa zaidi ya miaka 500.

Divai ilipitishwa kwenye tundu la ukutani

Hiki ndicho kisa nilichokipenda kuliko vyote. Tembea katika mitaa ya zamani ya Firenze ukiangalia kuta za majumba ya matajiri, chini, karibu na usawa wa kiuno. Utaona vidirisha vidogo vyenye tao la mawe juu na kilango cha mbao, kimo kama sentimita 30 na upana kama 20. Mtoto hapenyi, mwizi hapenyi. Chupa inapenya.

Katikati ya karne ya 16 familia zenye mashamba ziliruhusiwa kuuza divai zao moja kwa moja kutoka majumbani mwao, bila kufungua duka. Basi majumba mengi yakatoboa matundu yao. Mteja alikuja na chupa tupu, akagonga, kilango kikafunguliwa kwa ndani, mkono ukatokea, ukapokea chupa na sarafu, ukarudisha chupa iliyojaa. Muuzaji na mnunuzi hawakuhitaji hata kuonana uso. Tajiri alipata bei nzuri bila dalali, na maskini alipata divai nafuu bila kumlipa mwenye kilabu. Jumba la Antinori lina kidirisha chake pia.

Tauni ilipoingia Firenze mwaka 1630, vidirisha hivi vikawa kinga. Francesco Rondinelli, aliyeandika habari za tauni hiyo, anaeleza kwamba wauzaji hawakushika pesa kwa mikono. Walitoa nje kijiko kipana cha chuma, mteja akaweka sarafu juu yake, nazo zikatumbukizwa kwenye siki kabla hazijaguswa. Hawakujua bakteria ni nini, lakini mazoea yao yalikuwa sahihi kwa kiasi cha kushangaza. Na mwaka 2020, Uviko-19 ulipofunga miji, wafanyabiashara kadhaa wa Firenze walifungua tena vidirisha vilivyokuwa vimezibwa kwa vizazi, wakapitishia kahawa na aiskrimu. Zaidi ya vidirisha 150 bado vinaonekana mjini.

Daktari wa mtawala aliwasifu kwa shairi

Francesco Redi alikuwa tabibu wa watawala wa Toscana. Mwaka 1668 aliweka nyama katika vyombo, vingine wazi na vingine vimefunikwa, akaonyesha kwamba funza hawazuki wenyewe kwenye nyama iliyooza bali hutokana na mayai ya nzi. Jaribio hilo bado linafundishwa katika masomo ya biolojia. Basi mtu huyo huyo, mwaka 1685, alichapisha shairi refu la kusifu divai za Toscana, na ndani yake akavitaja vilima vya Antinori. Ni wafanyabiashara wachache sana waliopata tangazo kutoka kwa mwanasayansi wa daraja hilo.

Mipaka ya Chianti iliwekwa kwa amri ya mwaka 1716

Chianti ni eneo la vilima kati ya Firenze na Siena, na divai yake ilikuwa na jina zuri kiasi kwamba watu wa mbali waliuza divai yoyote wakiiita Chianti. Mwaka 1716 mtawala Cosimo wa Tatu alitoa amri iliyotaja mipaka ya maeneo manne ya divai, Chianti likiwa mojawapo. Ilikuwa miaka 40 kabla Ureno haijafanya hivyo katika bonde la Douro. Leo unapoona bidhaa duniani ikilindwa kwa jina la mahali inapotoka, unaangalia wazo ambalo Toscana ililiandika mapema mno.

Nembo ya Chianti ni jogoo aliyelala njaa

Angalia shingo ya chupa ya divai ya Chianti Classico: kuna jogoo mweusi. Wenyeji wana hekaya yake. Firenze na Siena ziligombania mpaka hadi zikachoka, zikakubaliana kwamba siku moja, jogoo akiwika, mpanda farasi atoke kila mji, na watakapokutana ndipo mpaka uwe. Siena walichagua jogoo mweupe wakamlisha akashiba. Firenze walichagua mweusi wakamnyima chakula. Kwa njaa, mweusi akawika usiku wa manane, na mpanda farasi wa Firenze akaondoka mapema hata akakutana na mwenzake karibu kabisa na Siena. Chianti karibu yote ikawa ya Firenze.

Inasemwa walikutana Fonterutoli. Pale pana ukoo mwingine wa divai, Mazzei, ambao wana shamba lao tangu 1435. Mtu wa ukoo huo, mthibitishaji wa hati Ser Lapo Mazzei, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuandika neno Chianti kama jina la divai, mwaka 1398. Katika vilima hivyo kila jirani ni mkongwe.

Mmoja wa akina Antinori alimuudhi Michael Faraday

Mwaka 1831 Michael Faraday wa London aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya huzalisha umeme. Jenereta za mabwawa yetu yote, kuanzia Mtera hadi la Mwalimu Nyerere, zinafanya kazi kwa kanuni hiyo. Habari ilipofika Firenze, Vincenzo Antinori, mkurugenzi wa makumbusho ya fizikia ya mji huo, aliirudia kazi hiyo pamoja na mwenzake Leopoldo Nobili. Walimtaja Faraday kama mgunduzi. Tatizo ni kwamba jarida lililochapisha makala yao lilichelewa, likatoka mwanzoni mwa 1832 lakini jaladani likabaki na tarehe ya Novemba 1831. Kwa msomaji wa mbali ilionekana kana kwamba Waitalia wametangulia, na Faraday hakufurahi hata kidogo.

Mizabibu ya Italia ina mizizi ya Kimarekani

Miaka ya 1860 kijidudu kidogo kutoka Marekani, filoksera, kilianza kula mizizi ya mizabibu ya Ulaya. Mashamba yalikauka nchi baada ya nchi, na Italia kilionekana mwaka 1879. Dawa iliyofua dafu ilikuwa kubebesha: chukua shina la mzabibu wa Marekani, ambalo limezoea kijidudu hicho, kisha bebesha juu yake kikonyo cha mzabibu wa Ulaya, kama mkulima wa Muheza anavyobebesha chungwa juu ya shina la mlimau. Zabibu zinazoiva juu ni za Toscana, mguu uliozama udongoni ni wa ng'ambo, na hivyo ndivyo mizabibu karibu yote ya Ulaya ilivyo leo. Tiba ilitoka kule kule ulikotoka ugonjwa.

Waziri mkuu aliandika mapishi, sheria ikayaharibu

Bettino Ricasoli alikuwa waziri mkuu wa pili wa Italia, na alitoka katika ukoo ulioshika ngome ya Brolio, ndani ya Chianti, tangu mwaka 1141. Alipotoka kwenye siasa alirudi kwenye mapipa yake, na mwaka 1872 akaandika barua kwa profesa mmoja wa Pisa akieleza mchanganyiko aliouona bora: zabibu nyekundu za sangiovese kwa harufu na nguvu, canaiolo za kulainisha, na malvasia kidogo, ambayo ni zabibu nyeupe. Lakini alisema kwamba malvasia inaweza kuachwa katika divai ya kuhifadhiwa miaka mingi.

Sheria ya Chianti ya mwaka 1967 ilishika nusu ya maneno yake. Iliagiza kila chupa iwe na zabibu nyeupe, angalau asilimia 10, hata zile zilizokusudiwa kuzeeka. Neno hilo la mzee Ricasoli likasahauliwa. Shikilia hili, kwa sababu ndilo litakalozaa kisa cha divai iitwayo Tignanello.

Nusu ya mavuno ilikuwa ya mwenye shamba

Tukisema familia imelima kwa miaka 600, ni haki tuulize jembe lilishikwa na nani. Kwa karne nyingi Toscana ilikwenda kwa mfumo wa nusu kwa nusu: familia ya mkulima ilipewa nyumba na kipande cha ardhi cha bwana, ikalima mizabibu, mizeituni na ngano kwa pamoja, na mavuno yakagawanywa kati. Nao watu hao walirithishana kazi, baba kwa mwana, katika shamba lile lile. Majina yao hayamo kwenye mti wa ukoo wa mtu yeyote maarufu, lakini hakuna chupa moja ya zamani isiyotoka mikononi mwao.

Mwaka 1964 sheria ilipiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo. Kufikia hapo vijana wengi walikuwa wameshahamia mijini kufuata ajira za viwandani, na nyumba nyingi za mawe vilimani zilibaki tupu. Wamiliki ikabidi wapande mashamba upya, mizabibu peke yake, na walipe mishahara.

Divai ghali kuliko wenzake ilipewa daraja la mwisho

Piero Antinori alikabidhiwa kampuni na baba yake mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 28. Chianti ya wakati ule ilikuwa imeshuka thamani. Wengi waliijua kwa chupa mviringo iliyovishwa majani makavu, nzuri kuwekwa mshumaa baada ya kwisha. Piero alikuwa na mtaalamu mmoja hodari, Giacomo Tachis, na wakamwomba ushauri Émile Peynaud, bingwa wa divai wa Bordeaux, Ufaransa.

Walichokifanya ni hiki. Walichukua zabibu za shamba lao la Tignanello, wakaihifadhi divai kwenye mapipa madogo ya mwaloni ya lita 225, badala ya mapipa makubwa ya kizamani. Pipa dogo huigusisha divai na mbao zaidi, na hewa hupenya kidogo kidogo, hivyo ukali wake hulainika. Wakaanza kuziondoa zabibu nyeupe, na kufikia mwaka 1975 hazikuwamo kabisa; mahali pake wakaweka kiasi cha cabernet, zabibu ya Kifaransa.

Hatua hizi ziliwatoa nje ya sheria. Kwa hiyo divai ya mwaka 1971 haikuruhusiwa kuitwa Chianti. Iliuzwa kama divai ya mezani, daraja la chini kabisa, sawa na ile ya kumiminwa kwenye jagi. Wateja wakalipa bei ya juu hata hivyo, kwa sababu ilikuwa tamu kuliko zile zenye vyeti. Nafikiri hapa ndipo ujasiri wa familia hii unapoonekana hasa: walikuwa na karne sita za jina la kulinda, na wakakubali kulishusha daraja kwenye karatasi ili kilichomo ndani ya chupa kipande.

Sheria nayo ikawafuata taratibu. Miaka ya 1990 Chianti Classico iliruhusiwa kutengenezwa bila zabibu nyeupe, na kuanzia mavuno ya 2006 zabibu nyeupe zikapigwa marufuku. Kilichokuwa lazima mwaka 1967 kikawa kosa ndani ya miaka 40.

Mawe yamewekwa chini ya mizabibu kwa makusudi

Shamba la Tignanello lina hekta 57. Walipokuwa wakipanda upya waliibua mawe meupe, na badala ya kuyatupa waliyaponda wakayatandaza chini ya mistari ya mizabibu. Mawe hayo hurudisha mwanga na joto la jua juu, kwenye vishada, zabibu zikaiva pande zote.

Divai bora ya mwaka ilianza na zabibu zilizozidi

Mwaka 1978 cabernet ilivunwa nyingi kuliko ilivyohitajika kwa Tignanello. Wakaona isipotee, wakaitengenezea divai yake, Solaia, kutoka hekta 20 jirani. Mavuno ya Solaia ya 1997 yalitajwa na jarida la Wine Spectator la Marekani kuwa divai bora ya dunia kwa mwaka 2000.

Subiri kidogo. Mwaka uliofuata, 2001, jarida hilo hilo lilitoa heshima hiyo kwa divai ya Ornellaia ya mavuno ya 1998. Ornellaia ilianzishwa na nani? Na Lodovico Antinori, ndugu yake Piero, aliyekuwa amejitenga mwaka 1981 akafungua shamba lake pwani ya Toscana. Ndugu wawili, mashamba mawili, miaka miwili mfululizo. Na leo Ornellaia si ya Antinori tena: iko mikononi mwa Frescobaldi, ukoo mwingine wa Firenze wenye karne nyingi kwenye divai.

Dada wawili walibadilisha pwani nzima

Huko pwani, mahali panapoitwa Bolgheri, hapakuwa na sifa yoyote ya divai. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa della Gherardesca. Dada wawili wa ukoo huo waliolewa: Carlotta na Niccolò Antinori, baba yake Piero, na Clarice na Mario Incisa della Rocchetta. Kila mmoja aliingia kwa mumewe na sehemu yake ya ardhi.

Mario alipenda divai za Bordeaux, na miaka ya 1940 akapanda mizabibu ya Kifaransa kwenye ardhi yenye mawe. Divai yake, Sassicaia, kwa miaka mingi ilinywewa nyumbani tu. Mavuno ya 1968 ndiyo ya kwanza kuuzwa, na yaliingia sokoni kwa msaada wa mpwa wake Piero na mtaalamu Tachis. Leo Bolgheri ni kati ya ardhi za mizabibu zenye thamani kubwa Italia.

Karibu nusu ya kampuni iliwahi kuwa ya watengeneza bia

Miaka ya 1980 ndugu zake Piero walitaka kuuza hisa zao. Karibu nusu ya kampuni ikaenda kwa Whitbread, kampuni ya bia ya Uingereza. Kwa mara ya kwanza wageni walikaa kwenye meza ya ukoo. Mwaka 1991 Piero alizinunua hisa hizo zikarudi zote nyumbani. Si vita wala tauni iliyoleta hatari hiyo. Urithi ulitaka kuvunjwa na mgawanyo wa kawaida wa ndugu, kama unavyovunja mashamba kila mahali.

Zipo zabibu wanazoziombea ukungu

Katika mkoa wa Umbria familia inamiliki ngome ya Castello della Sala, iliyojengwa karne ya 14, ambayo Niccolò, baba yake Piero, aliinunua mwaka 1940. Vuli ikifika, umande mzito hushuka asubuhi, kisha jua hutoka. Hali hiyo huotesha ukungu uitwao botritisi kwenye ganda la zabibu. Ukungu hutoboa ganda, maji yanakauka, na sukari inabaki imejikusanya ndani. Zabibu huonekana mbovu, zimenyauka, zina vumbi la kijivu; ukizikamua unapata divai tamu kama asali inayonywewa pamoja na jibini au vitindamlo. Wachumaji hupita shambani mara kadhaa, kila safari wakichagua zile tu zilizoathirika barabara.

Kiwanda kimefukiwa chini ya shamba

Ukipita barabarani kijijini Bargino, kusini ya Firenze, huoni kiwanda. Unaona kilima chenye mizabibu na mipasuko miwili mirefu iliyolala. Kiwanda chote, kilichofunguliwa mwaka 2012, kimo ndani ya kilima, na mizabibu imepandwa juu ya paa. Zabibu huingizwa juu na kushuka ngazi kwa ngazi kwa uzito wake zenyewe, kwa hiyo hazisumbuliwi na pampu, na udongo unaolifunika jengo huyaweka mapipa baridi. Mwaka 2022 shindano la World's Best Vineyards lililiweka la kwanza duniani kati ya mashamba ya kutembelewa.

Wananunua hata waliowashinda Wafaransa

Mwaka 1976, huko Paris, majaji wa Kifaransa walionja divai huku majina yamefichwa. Kwa nyekundu walichagua ya Stag's Leap Wine Cellars ya California, mavuno ya 1973, juu ya majina makubwa ya Bordeaux. Ufaransa ilitikisika. Mwaka 2007 akina Antinori, pamoja na mshirika wa Kimarekani, walilinunua shamba hilo, na mwaka 2023 likawa lao peke yao.

Meghan aliipenda hadi akaiazima jina

Kabla ya kuolewa na mwana mfalme Harry wa Uingereza, mwigizaji Meghan Markle aliendesha tovuti ya mapishi, safari na mitindo. Aliiita The Tig, kifupi cha Tignanello, divai ambayo alisema ndiyo iliyomfungua macho kuhusu divai.

Kizazi cha 26 kinaongozwa na wanawake

Piero hakupata mtoto wa kiume. Ana mabinti watatu, Albiera, Allegra na Alessia, na wote wako kazini. Albiera ndiye rais wa kampuni. Katika nyumba iliyohesabu wanaume tangu 1385, hili lingeweza kuzua mgogoro. Badala yake kampuni imekua, ina mashamba kutoka Toscana hadi Chile na California. Mizabibu yenyewe haiulizi jinsia ya anayeipogoa.

Dodoma ingefikisha mavuno ya Antinori kwa nusu ya muda

Mzabibu wa Toscana hulala majira ya baridi: majani hupukutika, matawi hubaki makavu, na mavuno ni mara moja tu kwa mwaka, kati ya Septemba na Oktoba. Kuanzia 1385 hadi 2025 hiyo ni misimu 640. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima ndiye anayeamua: anavuna, anapogoa, na mti unaanza upya. Hivyo anapata mavuno mawili kwa mwaka, moja mnamo Februari na Machi, jingine Agosti na Septemba. Kwa hesabu hiyo misimu 640 ya Antinori ni miaka 320 ya Dodoma.

Na uhusiano upo kweli. Zabibu ziliingia Dodoma miaka ya 1950 kupitia wamisionari Wakatoliki kutoka Italia, waliozipanda Bihawana kwa ajili ya divai ya misa. Leo zinalimwa Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na kwingineko, na baadhi ya mashamba yameshafika mikononi mwa wajukuu wa wale walioyaanzisha. Wamebakiza vizazi 23 wawafikie akina Antinori.